KAMBI ZA LIKIZO NA AMANA YA MTOTO

Kila zinapokaribia likizo za skuli, yaani ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, wazazi hutuletea katika darsa yetu suali moja: "Mwanangu nimpeleke kambi gani?" Zamani suali hili halikuwako. Likizo ilipofika mtoto alishinda chuoni, au alipelekwa shamba kwa bibi yake, akapanda miembe, akaogelea, akarudi ameungua jua na afya tele. Leo nyumba nyingi za mji ni vyumba viwili ghorofani. Baba yuko kazini na mama yuko kazini, na mtoto huachiwa simu au huachiwa barabara. Ndipo kambi zilipozidi: za skauti, za Qur'ani, za mpira, za kompyuta, na nyingine ambazo hata wenyewe hawajaamua ni za nini.

Katika jambo hili tumewaona watu wamegawanyika mafungu mawili, na yote mawili hayamfai mtoto. Fungu la kwanza lasema kambi ni mambo ya Wazungu, na mtoto wa Kiislamu hana haja nayo. Fungu la pili humpeleka mtoto popote, maadamu tangazo lina rangi nzuri na jirani kampeleka wake.

Jawabu la fungu la kwanza ni fupi. Ni kweli kwamba kambi hizi kwa sura tunayoijua zimetoka kwao. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut katika Marekani, jina lake Frederick Gunn, alitoka na wanafunzi wake kwa miguu mpaka ufukweni, wakapiga mahema, wakakaa yapata wiki mbili. Mwaka 1907 Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza, alikusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, baadhi yao wana wa matajiri na baadhi wana wa wafanya kazi, na hapo ndipo skauti walipoanzia. Kaburi lake liko hapa kwetu Kenya, Nyeri, alikofia mwaka 1941. Walakini kumtoa mtoto mjini ili apate hewa safi na lugha fasaha hakukuzuliwa na Gunn wala na Baden-Powell. Makureshi wa Makka wakiwapeleka watoto wao wachanga badia, na Mtume wetu (S.A.W.) alilelewa huko kwa Bani Saad, mikononi mwa Bibi Halima. Tena zingatia, ndugu msomaji: Halima alipopatwa na khofu juu ya mtoto alimchukua akamrudisha kwa mama yake, na mama alipomhoji alimweleza yote yaliyotokea. Mlezi wa namna hiyo ndiye tunayemtafuta mpaka leo.

Ama wanaosema kwamba mchezo ni kupoteza wakati, na wamsome Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya ameeleza kuwa mtoto akitoka chuoni apewe nafasi ya mchezo ulio mzuri ili apumzike, na kwamba kumwandama kwa masomo bila ya kupumua kunaufisha moyo wake na kumfanya aichukie elimu yenyewe. Watu wengi hudhani maneno haya yametoka kwa wataalamu wa Ulaya wa juzi.

Basi turejee kwa fungu la pili, nalo ndilo kubwa, na ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Sisi hatujui mfano ulio wazi zaidi kwa mzazi wa aina hii kuliko kisa cha Nabii Yaakub na mwanawe Yusuf (A.S.), kama kilivyo katika Sura ya 12. Sote twakijua, lakini tumezoea kukisoma kwa ajili ya ndoto na kwa ajili ya mke wa mkubwa wa Misri, tukapita haraka mwanzo wake. Mwanzo wake ni nini? Ni baba anaombwa ruhusa ya kumtoa mtoto. Ndugu zake wanakuja kwa maneno matamu: mwache kesho aende nasi, ale na acheze, na sisi tutamhifadhi. Lau tangazo la kambi lingeandikwa siku hizo, lisingekuwa na zaidi ya hayo matatu, yaani chakula, mchezo na ulinzi.

Yaakub hakuupinga mchezo, na baadhi ya wanavyuoni wametoa dalili hapa kwamba mchezo wa halali wafaa. Alilolitaja yeye ni mambo mawili: huzuni ya kutengana na mwanawe, na khofu kwamba mbwa mwitu atamla hali wao wameghafilika. Neno hili la kughafilika lina uzito. Kila mahala palipo na watoto mna hatari, na mchunga hupimwa kwa macho yake, kama yako kwa watoto au yako kwengineko.

Kisha likatokea lililotokea, na hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Mbwa mwitu hakumla Yusuf. Hakumkaribia hata. Aliyemtia kisimani ni yule yule aliyeahidi kumhifadhi, naye alikuwa mtu wa nyumba moja, dini moja, baba mmoja, tena baba Nabii. Sisi wazazi wa pwani twaogopa bahari, twaogopa nyoka, twaogopa mtoto asije akabadilishwa dini, na khofu hizo zote zina haki yake. Lakini mtu akivaa kanzu na kofia, akafungua maneno yake kwa Bismillahi, twamkabidhi watoto wiki tatu bila ya kumuuliza jina la baba yake. Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, palifukuliwa maiti zaidi ya 400, na wengi katika hao walikuwa watoto. Walipelekwa huko na wazazi wao wenyewe, kwa kumwamini mhubiri. Dini ya watu wale si yetu, lakini mlango walioingilia ni ule ule tunaouacha wazi: kuuamini uso wa dini bila ya kuuliza.

Baada ya miaka mingi wana wa Yaakub walikuja tena kumwomba mtoto, safari hii nduguye Yusuf. Hakukataa, kwani njaa ilikuwa imewakaza na safari ilikuwa na maslaha. Lakini hakutoa mtoto kwa neno tupu. Aliwakumbusha ya nduguye, akataka wamfungie ahadi kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba watamrejesha, illa wakizingirwa wote. Na walipokuwa wakiondoka aliwausia jinsi ya kuingia mji. Tena, baada ya hayo yote, akamtegemea Mungu. Kwetu sisi mpango huu hugeuzwa kichwa chini miguu juu: twaanza kwa kutegemea, na sharti huja baada ya msiba.

Sasa tuje kwenye kuchagua. La kwanza si kambi bali ni mtoto. Mtoto wa miaka sita au saba, ambaye hajapata kulala nje ya nyumba yao, aanze kwa kambi ya kutwa, anayopelekwa asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Akizoea, alale usiku mmoja au mawili kwa shangazi yake au mjomba wake, na hapo utajua kama yu tayari. Kuna mtoto wa miaka kumi ambaye bado hukojoa kitandani. Mtoto huyu ukimtia katika bweni la wenziwe 30 utakuwa umempeleka kudhalilishwa, na aibu hiyo ataichukua miaka. Kuna mwenye pumu, kuna asiyeweza kula kitu fulani, kuna mpole anayeogopa kelele. Hao wote wana kambi inayowafaa, lakini si kambi yoyote. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Si kwamba ndiye aamue, bali atakayokwambia yatakufahamisha zaidi ya tangazo lolote. Twawajua wazazi wanaompeleka kijana katika kambi ya mpira kwa kuwa baba alikuwa hodari wa mpira, na kijana masikini anapenda kufungua redio na kuzifunga tena.

Katika aina za kambi, zile za kompyuta na ufundi hazitaki maneno mengi. Muulize mwenyewe wanafundisha nini hasa, na kila mtoto ana mashine yake au ni watano kwa moja. Nyingine hujiita za "kujiendeleza", kumbe ni masomo ya skuli yaliyovaa kanzu ya pili, mtoto hesabu asubuhi na Kiingereza jioni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza watoto kusomeshwa masomo ya ziada wakati wa likizo, na kwa hili serikali na Imam Ghazali wamekubaliana.

Skauti si mali ya dini moja. Ahadi yao yataja wajibu kwa Mungu, na katika nchi za Kiislamu wako kwa maelfu. Mtoto hujifunza kufunga fundo, kupika, kusoma ramani na kutumikia wenzake, na haya ni mambo mema. Yaliyobaki ni ya kuuliza: mna nafasi ya Sala kwa wakati wake? Nyama inachinjwa na nani? Kambi za makanisa na za YMCA, chama kilichoundwa London mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa Kikristo, ni mlango mwengine. Hatusemi kwamba hao ni watu wabaya. Baadhi ya kambi zao zina mpango na usafi ambao zetu hazijaufikia, na hilo latupasa kulionea haya. Lakini wao wanafanya yao waziwazi, na jina la chama limeandikwa mlangoni. Anayempeleka mtoto huko asije baadaye akasema hakujua watamwimbisha nini.

Kambi za Qur'ani ndizo tuzipendazo, na kwa hiyo ndizo tutakazozisema zaidi. Ziko njema, zenye walimu wapole wanaomsomesha mtoto matamshi, wakampa maana kwa kadiri ya akili yake, kisha alasiri wakamtoa uwanjani. Na ziko nyingine ambazo mzazi aliyeshindwa na mwanawe humpeleka huko "akatiwe adabu". Wallahi hatujui njia iliyo fupi zaidi ya kumchukiza mtoto na Kitabu cha Mola wake kuliko kumpa kitabu hicho kama adhabu ya utundu. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza jinsi ukali unavyomharibu mwanafunzi, khasa aliye mdogo: uchangamfu humwondoka, akajifunza uwongo na hila ili aikwepe fimbo, kisha hayo yakawa tabia yake. Na Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa mtoto alipoingia katika khidma ya Mtume (S.A.W.), ametueleza kwamba alimtumikia miaka kumi na hakupata kusikia kwake hata neno la kuchoka naye. Mwalimu anayejivunia fimbo yake mbele ya wazazi, sunna hiyo ameitoa kwa nani? Mtoto akirudi na sura chache fupi alizozisoma sawasawa, naye anataka kurudi tena, ni kheri kuliko juzuu alizozimeza kwa khofu akazitapika mlangoni pa nyumba yao.

Ukishajua aina, nenda ukaione kambi kwa macho yako, wala usitosheke na picha. Tazama mahala pa kulala kwanza. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ametuamrisha tuwatenganishe watoto katika malazi wafikapo miaka kumi, na hao ni ndugu wa tumbo moja ndani ya nyumba ya baba yao, seuze watoto wasiojuana! Kila mtoto na awe na kitanda chake au godoro lake. Watu wazima wasilale kitanda kimoja na watoto, wala asiwepo mkubwa mmoja anayekaa faragha na mtoto mmoja, awe ustadhi au awe nani. Ukiambiwa sharti hili ni kuwatuhumu walimu, jibu kwamba sharti humhifadhi mwalimu mwema pia, asisingiziwe. Kisha uliza kama wasimamizi wana vyeti vya polisi vya mwenendo mwema. Mwenye kambi aliye safi hatakasirika kwa suali hilo. Huwa analo jawabu na karatasi tayari.

Baada ya hapo tazama milango. Machi 2001 wavulana 67 waliungua katika bweni la skuli ya Kyanguli, Machakos, ambamo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Septemba 2024 moto mwengine wa bweni, Endarasha, Nyeri, uliwaua watoto 21. Muongozo wa usalama wa skuli uliotolewa na serikali mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila upande na mwengine wa dharura katikati, madirisha yasiyo na vyuma, na nafasi ya mita 1.2 baina ya kitanda na kitanda. Kambi za likizo mara nyingi hukodi nyumba au jengo la madrasa, na nyumba zetu za mji, kwa khofu ya wezi, zimefungwa vyuma kila dirisha. Basi chukua hatua zako, upime baina ya vitanda, na uulize funguo za usiku anakaa nazo nani.

Na ikiwa kambi iko ufukweni, yafaa tukumbuke ilimu ya wazee wetu wa baharini. Aprili ni masika: mahema hulowa na mbu huzidi. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa nje ya mwamba. Mwisho wa mwaka, kaskazi inapoingia, bahari hutulia na maji huwa na vuguvugu, na hapo ndipo mtoto afundishwe kuogelea. Kuogelea ni katika michezo iliyosifiwa katika Hadithi aliyoipokea Nasai. Lakini ni aibu iliyoje kwamba tumezaliwa na maji pande zote na watoto wetu wengi hawajui kuelea! Uliza nani atakuwa majini nao, anajua kuokoa, na anawahesabu vipi wakitoka.

Mabinti tumewasahau. Kaka huenda kambini, dada hubaki kukosha vyombo, na likizo yake huwa ni kazi zaidi kuliko skuli. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na Baden-Powell, wasichana walipojitokeza wakitaka nao kuwa skauti, hakuwafukuza, bali aliwaundia chama chao mwaka 1910, akamtia dada yake Agnes kukiongoza. Anayekhofia sitara ya binti yake ana haki, na dawa yake ni kambi ya wasichana watupu, wasimamizi wanawake, mahala palipozungukwa ukuta. Katika mitaa yetu wako walimu wa kike na wauguzi wanaoweza kuisimamia kambi hiyo kutwa, katika ua wa madrasa, kwa gharama ya chai na mkate. Mtaa wenye watu wa namna hiyo hauna haja ya kungoja mfadhili, na watoto wa wasio na ada wataingia pia.

Limebaki jambo la kurudi kwake. Yaakub alipoletewa kanzu yenye damu hakuyakubali waliyoyasema wenye kuileta. Na wafasiri wamesema kwamba aliiona kanzu ni nzima, haina tundu la jino. Aliitazama. Mtoto akirudi, mpe siku mbili tatu, kisha umwulize kwa upole, mkiwa wawili: ulilala karibu na nani? Nani alikuwa akikuchekesha? Kuna mtu aliyekwambia usituambie jambo? Mtazame anavyolala na anavyokula. Mtoto aliyekuwa mwenye maneno akawa kimya, au anayelia akitajiwa kurudi, ana la kusema. Akilisema, usimwambie "nyamaza, utamvunjia ustadhi heshima" au "jamaa watasema nini". Maneno haya mawili yamewafunika wengi kisimani. Mpeleke hospitali, kisha polisi. Na nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto Kenya nzima, hupigwa bila ya malipo.